Dakika Nne za Clem Hartwich

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2025, Clement Hartwich anastaafu baada ya kulitumikia ghala letu la nafaka la Kurnbrook kwa miaka arobaini na mitatu na miezi mitatu. Amepokea mavuno arobaini na manne. Ngazi ya jukwaa la sampuli, anakopanda kuchota nafaka ya kupima kutoka kwenye malori, ina vidaraja kumi na saba, na ameipanda mara nyingi kiasi kwamba ngazi imebadilishwa mara mbili na yeye hajabadilishwa hata mara moja. Jina lake kamili wanalitumia benki na daktari tu. Kwetu sisi ni Clem.

Mimi ni Glenys Pohlner, karani wa mzani wa malori, na nimekaa mita ishirini kutoka jukwaa lake tangu mwaka 1985. Makao makuu walinitumia fomu niijaze kwa ajili ya jarida hili. Fomu inauliza mafanikio makuu matatu ya mstaafu kazini, na chini yake wameacha mistari mitatu. Nimeirudisha tupu. Clem alifanya kazi yake vizuri, na kila mkulima wa upande wetu wa reli anajua hivyo. Lakini mwulize mtu yeyote wa wilaya yetu ya Wimmera kuhusu Clem Hartwich, hatakueleza habari za ngano. Atakueleza habari za mpira wetu wa Australia, na atazieleza vibaya. Ndiyo maana nimeketi kuandika.

Clem alizaliwa mwaka 1959 kwenye shamba la wazazi wake, Walter na Irma, kilomita tisa kaskazini mwa hapa. Akiwa na miaka kumi na sita alivaa jezi ya kijani na nyeupe ya Kurnbrook, na kabla hajatimiza ishirini klabu kubwa ya Melbourne ikamwita. Kwenye vitabu vya ligi kuu jina lake limo, ila itabidi uvae miwani. Msimu mmoja, mechi tatu, mabao sifuri. Mechi ya kwanza alikaa benchi robo tatu nzima kati ya nne akiwa amejifunika blanketi. Ya pili aligusa mpira mara kumi na moja, na jirani yetu mmoja alilikata gazeti la Jumatatu lenye nusu mstari juu yake akalibandika kwenye mlango wa duka la mikate. Ya tatu, katika tope la Julai, kano la goti la kulia likakatika. Klabu ikamwambia arudi nyumbani apone, watampigia simu. Mama yake akahamishia kiti cha kufumia sweta karibu na simu. Bado hawajapiga.

Daktari alisema goti lile litamfaa kwa kutembea na kuendesha trekta, basi. Clem akapiga moyo konde. Alipoajiriwa hapa Novemba 1981 alimwomba meneja wa wakati huo, marehemu Keith Lobley, ruhusa ya kupanda ngazi za ghala refu la zege kila asubuhi kabla ya kazi. Ni vidaraja mia moja na kumi na viwili.

"Ukianguka, mimi sijakuona," Keith alimwambia.

"Nikianguka hutahitaji kuniona, bwana. Utanisikia."

Akapanda, majira yote ya joto, mara ya kwanza kwa saa nzima na mikono yote miwili kwenye chuma, na kufikia Machi akawa anashuka huku anapiga mluzi. Aprili 1982 alirudi uwanjani. Hakutoka tena kwa misimu kumi na sita. Pamoja na zile za ujana wake, aliichezea timu ya kwanza ya Kurnbrook mechi mia tatu sabini na moja, karibu zote kwenye ulinzi wa nyuma. Kazi ya mlinzi ni kumharibia mtu mwingine furaha yake ya Jumamosi, na Clem aliifanya kwa adabu. Mara nyingi alimwinua mshambuliaji kutoka kwenye matope na kumpangusa, kisha akamnyang'anya mpira dakika hiyo hiyo.

Nitasimulia kisa kimoja cha kazini, fomu isije ikaona imesahauliwa. Desemba 1990 kocha wetu, Rex Zwar, alileta lori la ngano saa kumi jioni, mvua ikiwa inakuja. Clem alichoma bambo lake kwenye mzigo, akachota, akapima. Unyevu ulikuwa asilimia kumi na mbili nukta nane. Mwisho wetu ni kumi na mbili na nusu.

"Clem," Rex alisema kutoka dirishani, "unakumbuka nani anapanga timu?"

"Nakumbuka. Panga, Rex. Ngano hii haiingii."

"Nukta tatu tu, ndugu yangu."

"Basi kaikaushe nukta tatu."

Rex aligeuza lori kwa hasira akaligonga pipa langu la taka. Aprili iliyofuata Clem alianza msimu benchi, mechi mbili, na hakuuliza kwa nini. Mechi ya tatu tulikuwa tumefungwa mabao kumi na sita, na Rex mwenyewe ndiye aliyemrushia jezi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kwa wenzetu wa Sydney waliokulia kwenye raga, na hilo si kosa lao, naeleza kidogo. Kwetu kila timu huingiza wachezaji kumi na wanane. Bao lina pointi sita, na mpira ukipita kando kidogo ya nguzo za katikati unapata pointi moja. Ipo sheria ya zamani ambayo wengi wenu hamtaiona ikitumika maishani mwenu. Nahodha akishuku kwamba wapinzani wamezidi kumi na wanane uwanjani, anaweza kumwendea mwamuzi na kudai wahesabiwe. Mchezo unasimama, wapinzani wanapangwa mstari, mwamuzi anawahesabu kwa kidole. Wakiwa wamezidi, pointi zao zote walizofunga tangu mwanzo zinafutwa. Zote. Wakiwa sawasawa, wao ndio wanaopewa mpira wa adhabu, na wanasogezwa nao mita hamsini kuelekea lango la aliyedai hesabu.

Fainali ya mwaka 1988 Clem ndiye aliyekuwa nahodha. Tulicheza na Dunmerrin, majirani zetu wa kilomita kumi na nne, ambao Kurnbrook haikuwa imewashinda kwenye fainali tangu babu yangu akiwa na meno. Zilibaki dakika tano, tunaongoza kwa pointi mbili, mvua inanyesha. Clem akahesabu jezi za bluu. Kumi na tisa. Akahesabu tena. Kumi na tisa. Akamwendea mwamuzi.

Dunmerrin walipangwa mstari katikati ya uwanja. Walikuwa kumi na wanane. Wa kumi na tisa alikuwa kando, mikono kiunoni, anacheka. Alikuwa mpeleka ujumbe wao, yule anayekimbia na maneno ya kocha. Koti lake jeupe la kazi lilikuwa limelowa chapachapa, akalivua bila kumwambia mtu, na ndani alikuwa amevaa jezi ya klabu kama wenzake. Mwamuzi alimfokea, ila hahesabiki. Nahodha wa Dunmerrin, Barrie Quill, akapewa mpira, akasogezwa mita hamsini, akapiga. Bao. Tukapoteza kwa pointi nne.

Ijumaa iliyofuata Clem aliingia baa ya hoteli saa moja kamili kama kawaida yake, maana angejificha nyumbani ingekuwa mbaya zaidi. Akakuta wanaume wamejipanga mstari mbele ya kaunta, wameshikana mabega. Aliyewapanga alikuwa Ian Pohlner, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyecheza fainali ile na kulia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mwaka uliofuata nilifunga naye ndoa.

"Tuhesabu, nahodha," Ian alisema. "Tusije tukawa tumezidi."

Clem akawahesabu kwa sauti, mmoja mmoja, kwa kidole.

"Kumi na mmoja," alisema. "Na anayejua kudaka kati yenu ni mmoja, naye ni mhudumu wa baa."

Walicheka, wakamnunulia bia, lakini jambo lile halikufa. Miaka ilipita na bado ungesikia, kwenye foleni ya posta, kwenye harusi, hata kanisani mchungaji alipokuwa anatafuta watu wa kubeba sadaka: "Tupo wangapi hapa, Clem?" Madereva wa malori waliniuliza mzanini kama nimehesabu matairi yao au nimwite Clem. Unahodha aliuacha mwenyewe msimu ule ule. Alikuwa anajibu kila utani, na hajawahi kumkasirikia mtu mbele yangu, lakini nakaa mita ishirini kutoka kwake na nina macho. Kicheko hakikumuumiza sana. Kilichomuumiza ni kwamba watu aliokua nao hawakumwamini tena kwamba anaona vizuri. Akisema mzigo una mbegu za magugu, mkulima anataka mtu wa pili aje kuangalia. Alitaka kitu kimoja, ailipe Kurnbrook ile fainali. Aliniambia hivyo mara moja tu, mwaka 1993, tukisubiri treni ya mizigo. "Nitacheza mpaka nilipe, Glenys. Hata wakinibeba kwa machela."

Na alicheza. Akiwa na miaka thelathini na mitano, thelathini na sita, goti limefungwa bandeji mpaka linafanana na mkate. Vijana walikuja, wakahamia Geelong na Adelaide kutafuta kazi, Clem yupo. Kila robo ilipoanza ungemwona amesimama nyuma kabisa, midomo inacheza. Watu walidhani anasali. Alikuwa anahesabu, wao na sisi.

Mwaka 1997 kila mtu alijua ni msimu wetu wa mwisho. Kurnbrook na Dunmerrin, zote mbili, zilikuwa zimeishiwa wachezaji, na uamuzi ulikuwa umeshapita kwamba mwakani zitaunganishwa. Kama tusingechukua ubingwa mwaka ule, jezi ya kijani na nyeupe ingekunjwa bila kombe tangu mwaka 1957. Tulifika fainali. Ilichezwa kwetu. Na wapinzani, nani tena, walikuwa Dunmerrin. Clem alikuwa na miaka thelathini na minane.

Mimi nilikuwa mtunza saa wa Kurnbrook. Tulikaa kwenye kibanda cha bati juu ya nguzo, mimi na mtunza saa wa Dunmerrin, bega kwa bega. Wa kwao alikuwa Valmai Quill, mama mzazi wa nahodha Barrie Quill. Valmai alileta chai kwenye themosi na keki ya limau, na alinikatia kipande kikubwa, maana tulikuwa maadui wa mpira tu.

Robo ya tatu, Ian alipasuka nyusi. Damu ikitoka sheria inakutaka utoke mpaka ikauke, kwa hiyo akaenda kushonwa, na mtu wa benchi akaingia mahali pake. Hapo lazima mjue uwanja wetu ulivyo. Benchi na lango la kuingilia wachezaji viko upande wa barabara. Chumba cha kubadilishia nguo kiko upande wa pili, kwenye miti, kwa sababu waliojenga waliogopa mafuriko ya kijito. Ian alishonwa kule, akafungwa kitambaa kichwa kizima mpaka juu ya masikio, hata hivyo akasikia honi za magari, na hakuweza kuvumilia. Hakuzunguka kwenda langoni ili mwenzake atolewe kwanza. Aliruka uzio pale pale chini ya miti akaingia. Zilikuwa zimebaki kama dakika sita. Tulikuwa mbele kwa pointi tatu.

Niliona midomo ya Clem ikicheza. Kisha ikasimama. Kisha ikaanza upya. Nami, sijui kwa nini, nikahesabu jezi zetu.

Kumi na tisa.

Sikugeuza shingo. Valmai alikuwa ananiuliza kama aniongeze chai. Nilisema ndiyo, nikashika kikombe kwa mikono miwili. Kama mtoto wake angegundua na kudai hesabu, pointi zetu themanini na mbili zingefutwa pale pale, kwenye fainali ya mwisho ya maisha ya klabu, na kosa lingekuwa la mume wangu.

Wengi mtauliza kwa nini Clem hakumwita Ian atoke. Ian alikuwa upande wa mbali, karibu na mpira, masikio yamefungwa. Kumwita kungekuwa ni kuwaamsha Dunmerrin wote. Na tayari Barrie Quill alikuwa amekiona kile kitambaa cheupe. Nilimwona akigeuka, akinyoosha kidole chake chini chini, kwenye paja, akianza kuhesabu.

Clem alikuwa karibu na lile lango la wachezaji, upande wa benchi. Hakuangalia benchi, hakuinua mkono, hakujishika goti. Alikimbia moja kwa moja mpaka langoni akatoka. Kidole cha Barrie kilifika mwisho, akatulia kidogo, akarudi kwenye mchezo. Zilibaki dakika nne na sekunde chache. Saa ilikuwa mkononi mwangu.

Kelele za Rex Zwar nilizisikia kibandani.

"Unatoka wapi, Clem? Nani amekwambia utoke?"

"Nimechoka."

"Umechoka? Fainali, zimebaki dakika nne, umechoka? Miaka tisa unalialia fainali, leo umechoka?"

"Ndiyo, Rex. Acha kunipigia kelele, angalia mpira."

Rex alimtupia taulo usoni; waliobaki benchini walikuwa majeruhi, hapakuwa na wa kumwingiza mahali pake. Magari yaliyozunguka uwanja, ambayo hupiga honi tukifunga bao, yalimpigia honi nyingine, ndefu, ya kumzomea. Mtu mmoja wa kwetu, simtaji kwa kuwa ana wajukuu, alimwita mwoga. Clem alikaa kwenye nyasi nyuma ya benchi na taulo shingoni, na dakika nne zile alizitazama kati ya miguu ya wenzake.

Na hili nataka lieleweke vizuri. Katika muda ule tuliokuwa kumi na tisa hatukufunga hata pointi moja, wala wao. Baada yake pia hapakufungwa kitu. Nilibonyeza king'ora kwa mkono huu ninaoandikia. Kurnbrook walikuwa mabingwa kwa pointi tatu, baada ya miaka arobaini. Valmai alinibusu shavuni, na nililia kuliko alivyolia yeye aliyeshindwa.

Jumatatu asubuhi Clem alikuja dirishani kwangu mzanini.

"Glenys, wewe unajua kuhesabu?"

"Kazi yangu hiyo."

"Basi Jumamosi hukuhesabu."

"Clem, watu wanasema..."

"Waache waseme. Wakijua, Dunmerrin watakata rufaa, na wakikata rufaa hatuna kombe. Na Ian hatalala tena. Wewe hukuhesabu."

Nikanyamaza. Kwanza kwa ajili ya kombe. Mwaka uliofuata klabu ziliungana na hapakuwa na mtu wa kukata rufaa, maana Dunmerrin sasa ni sisi wenyewe, na Barrie Quill ni mwekahazina wetu. Kwa hiyo sababu hiyo ilikwisha mapema. Baada ya hapo nilinyamaza kwa ajili ya mume wangu, na hiyo ilikuwa rahisi zaidi, nami sijivunii.

Kwa sababu ule utani wa zamani ulipata mrithi. Clem akiinuka mezani kwenda msalani, mtu anasema, "Clem, zimebaki dakika nne, unatuacha?" Katika kila karamu ya mwaka ya klabu, kwa miaka ishirini na saba, aliyesimama kusimulia fainali ya 1997 alikuwa Ian. Anaonyesha kovu la nyusi. Anasimulia alivyoruka uzio. Kisha anaigiza Clem anavyochechemea kwenda langoni akisema nimechoka, na ukumbi hauna mbavu. Ian si mtu mbaya. Hakujua. Clem hukaa meza ya nyuma, anacheka na wengine, anakunywa bia yake. Nimekaa kando ya mume wangu nikipiga makofi mara ishirini na saba.

Kamati ya sherehe ya Ijumaa hii ilimwomba Ian atoe hotuba. Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, aliniomba nimsikilize. Alisimama kando ya friji na karatasi yake. Alipofika kwenye kuchechemea, nilimwambia akae.

Nilimweleza yote, kuanzia uzio mpaka Jumatatu. Aliuliza maswali mawili.

"Una hakika nilikuwa mimi?"

"Ulikuwa wewe."

"Na yeye alijua ni mimi?"

"Alijua kabla yangu."

Alikunja karatasi mara nne, akachukua funguo za pikapu. Nilipanda naye bila kuuliza. Clem alikuwa nyuma ya nyumba anamwagilia nyanya. Mimi nilibaki ndani ya gari, dirisha wazi, na nakiri nilisikiliza kila neno.

"Kwa nini hukuniambia?" Ian alisema.

"Ulikuwa umefungwa masikio."

"Baadaye, bwana. Miaka ishirini na saba."

Clem alihamishia bomba kwenye mche mwingine. "Ulikuwa unaisimulia vizuri. Watu wanapenda ukifika pale kwenye uzio."

"Nimekucheka mbele ya watu, Clem. Mbele ya mama yako. Kila mwaka."

"Najua. Nilikuwepo."

Ian, mwanaume wa miaka hamsini na tisa, mkata manyoya ya kondoo, mikono yake ni mikubwa kama koleo, alisimama kwenye tope la nyanya akalia wazi wazi, na sijamwona hivyo tangu mwaka 1988. Clem akafunga maji.

"Ian, nisikilize. Ninyi mlikuwa mnanidai fainali moja. Ningebaki ndani tungeipoteza. Nilitoka, tukaipata. Kwangu hesabu ilifungwa siku ile. Mengine ni maneno tu." Kisha akamwambia, "Ijumaa usiseme. Wewe toa hotuba yako ya kawaida, tule, twende nyumbani."

Akaja mpaka dirishani kwangu, akainama. "Na wewe usiandike."

Clem, nimefanya kazi nawe miaka arobaini kasoro kidogo na sijawahi kukukatalia kitu. Leo nakukatalia. Ulikubali tuonekane washindi na wewe uonekane umekimbia, na ulikaa kimya kama maji ya mtungini tulipokula raha kwa jina lako. Inatosha. Nina hasira na wewe kidogo, na nina hasira na mimi mwenyewe sana.

Kuna kitu kimoja zaidi. Kwenye ukuta wa klabu, ndani ya fremu yenye kioo, imo karatasi rasmi ya fainali ile, yenye majina ya wachezaji na mabao yao. Mtunza saa ndiye aliyekuwa anaijaza. Pembeni ya jina la Hartwich, kwa mwandiko wangu, imeandikwa: alitoka robo ya nne, uchovu. Niliandika mimi. Nilijua si kweli wakati wino ukiwa mbichi.

Jumanne jioni niliomba ufunguo wa klabu kwa Barrie Quill. Aliniuliza wa nini, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa nahodha wao siku ile, nikamweleza. Alikaa kwenye ngazi muda mrefu akiangalia uwanja. "Nilihesabu kumi na wanane," alisema mwishoni. "Maisha yangu yote nimejiuliza kwa nini nilikuwa na hakika kwamba ni kumi na tisa." Kisha akaingia ndani, akaishusha fremu mwenyewe, akang'oa misumari kwa kisu chake, akanishikia karatasi ili isiteleze nilipokuwa naandika.

Nimelikata lile neno kwa mstari mmoja, lisomeke bado, ili watu waone nilichofanya. Juu yake nimeandika: alitoka kwa hiari yake, ili tuwe kumi na wanane. Nimetia sahihi. Barrie ametia sahihi chini yangu. Jumatano Ian alikwenda peke yake, na sasa zipo sahihi tatu.

Ijumaa hakuna hotuba. Kutakuwa na pai za nyama, nyama choma, na keki ya limau aliyooka binti wa marehemu Valmai. Milango itafunguliwa saa kumi na moja, na yeyote anayetaka kumtania Clem kuhusu dakika nne atapitia kwanza kwenye ukuta ule akasome.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa ghala la Kurnbrook, na ya mji wote ulionyamaza au uliocheka, tunakushukuru, Clem, kwa ngano uliyoipokea na ile uliyoikataa. Mungu akujalie miaka mirefu yenye goti tulivu, mvua kwa wakati wake na nyanya za kugawa majirani. Ulituona sawasawa siku zote. Sisi ndio tulioshindwa kukuona, na tunaomba utusamehe.